Nono juu ya Konda

Picha niliikata kwenye kalenda ya duka la vipuri,
mwezi Novemba, tarehe bado zimeng'ang'ania chini:
mtaa wa Ulaya, miaka mia mbili nyuma,
mvua imekatika sasa hivi, mawe ya barabara yanang'aa,
farasi, mkokoteni, taa moja,
na mwanamke aliyetupa mgongo.

Miaka kumi na tisa nimeandika kuta za Mabatini.
SALUNI. SUPU IPO. USIKOJOE HAPA FAINI ELFU KUMI.
Kisha yakaja mabango ya plastiki,
yanazaliwa mashineni yakiwa yamekwisha kauka,
nami nikabaki na brashi zangu kwenye kopo la maziwa.

Anayenifundisha ni Nkwimba. Ana miaka ishirini na sita,
anapima damu maabara, kule juu Bugando.
"Rangi hii si ya ukutani," alisema. "Haina haraka na wewe."
Siku ya kwanza penseli tu, miraba mia na nne.
Siku ya pili udongo na tapentaini,
nyepesi kama uji wa mgonjwa.
"Konda kwanza. Mafuta ya kitani baadaye, kidogo kidogo.
Nono juu ya konda. Ukianza na nono, juu patapasuka."
Nikacheka. Nikamwambia harusi yangu ilianza na nono.
Hakucheka.

Mawe hayakunisumbua.
Nani Mwanza asiyejua jiwe?
Nyumba yetu imeegemea jiwe, nguo tumeanika juu ya jiwe,
najua linavyoshika maji mvua ikipita:
zambarau, halafu kijivu, halafu jua linalamba.
Farasi ndiye aliyenishinda.
Nkwimba aliinamisha kichwa, akauliza kwa adabu,
"Huyu atakamuliwa lini?"
Nikatazama. Nundu kabisa, na shingo imening'inia
kama ng'ombe wa mahari aliyetoka Magu kwa miguu.
Nikamkwangua kwa kisu.
Kivuli cha nundu kilibaki, kipo hadi leo.

Wiki ya tano nililala dirisha wazi.
Usubi ukapanda kutoka ziwani, wingu zima, ukitafuta balbu yangu,
na asubuhi mbingu ya Ulaya ilikuwa imejaa mbawa.
Nilianza kuwatoa kwa sindano, mmoja mmoja.
Mbingu ikachubuka.
Waliotua juu ya mapaa nikawaacha;
ukisogea nyuma hatua tatu ni masizi, ukisogea nne ni ndege.
"Hawa hawamo kwenye kalenda," alisema Nkwimba.
"Hawamo."
Akanisogezea tyubu ya nyeupe, akaenda zake kazini.

Mwanamke nilimwacha mwisho.
Aliyemchora alitumia mapigo manne, nimeyahesabu kwa lenzi:
shali, nyonga, sketi,
na moja dogo chini, ambalo ndilo linalomfanya aende.
Mimi nilitumia arobaini.
Kila jioni alisimama tu pale pembeni,
kama mtu anayesubiri kuitwa dirisha la malipo.

Jumamosi iliyopita nikamfuta kwa kitambaa.
Nikachovya. Kalenda sikuitazama.
Moja. Mbili. Tatu.
La nne likateleza,
likawa kisigino, kimepasuka,
ndani ya kandambili ya bluu.

Nakijua kisigino hicho.
Kilivuka kizingiti changu alfajiri moja, na begi la shangazi kaja,
mimi nikiwa juu ya ngazi mtaa wa pili
namalizia N ya SALUNI,
nikaona, nikasema ngoja kwanza nimalize herufi.

Nkwimba amekitazama kile kisigino muda mrefu.
"Nirekebishe?" nikamuuliza.
"Umechoka?"
"Hapana."
"Basi osha brashi."

Picha iko juu ya kabati. Kila nikirudi naigusa.
Mapaa yamekauka. Mawe yamekauka, hata farasi na nundu yake.
Kidole changu kinatoka na bluu.
Nakipangusia kwenye Novemba.